Warsha za jazz: Pale mpiga ngoma na mcheza ngoma hukutana tena

Na MWANDISHI WETU

TAMASHA la jazz hujulikana kwa jukwaa lake la usiku. Huko ndiko kwenye taa, vipaza sauti na majina makubwa yaliyochapishwa kwenye mabango.

Hata hivyo, matamasha mengi yana upande mwingine ambao haupigiwi debe sana. Upande huo hufanyika asubuhi au siku chache kabla ya onyesho lenyewe, katika ukumbi wa shule, ua wa kanisa au hema lililowekwa kando ya uwanja.

Hapo mpiga saksafoni ambaye usiku atatazamwa na umati mkubwa huketi kwenye kiti cha kawaida, akiwa amezungukwa na vijana wenye ala zao. Katika chumba cha pili, mwalimu wa densi huwapanga wanafunzi kwa safu na kuwaamuru wapige makofi kabla ya kuinua mguu.

Hii ndiyo warsha. Inatofautiana na mhadhara kwa kuwa anayehudhuria hatarajiwi kusikiliza tu, na inatofautiana na onyesho kwa kuwa makosa yanaruhusiwa. Mwanafunzi hujaribu, hukosea, husahihishwa, kisha hujaribu tena mbele ya yule anayeijua kazi.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa kwa kirefu kwa nini muziki na densi hufunzwa mahali pamoja. Lugha yake ilikwisha kumaliza mjadala huo. Neno ngoma ni ala inayopigwa, ni muziki unaotoka katika ala hiyo, ni mchezo unaochezwa kwa muziki huo, na ni hafla nzima ambako watu hukusanyika.

Katika historia ya jazz, mambo hayo yalianza yakiwa kitu kimoja, yakatenganishwa, na warsha zikawa mojawapo ya njia chache za kuyaunganisha upya.

ASILI MOJA

Jazz ilichipuka katika jiji la New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani. Katika jiji hilo upo uwanja uitwao Congo Square, ambako Waafrika waliokuwa watumwa walikutana siku za Jumapili kupiga ngoma, kuimba na kucheza.

Mnamo 1817 baraza la jiji lilitoa amri kwamba mikusanyiko ya watumwa ya kucheza ngoma ifanyike Jumapili pekee, tena katika mahali patakapoteuliwa na meya. Amri hiyo ilikusudiwa kuwabana, lakini mikusanyiko ya Congo Square ilibaki kuwa mahali ambapo midundo ya Afrika ilisikika hadharani katika nchi ambayo kwingineko ngoma zilikuwa zikipigwa marufuku.

Baadaye zilipozuka bendi za matarumbeta, desturi ya kucheza haikukatika. Katika maziko ya New Orleans, bendi na wafiwa huwa mstari wa kwanza wa msafara. Watu wanaofuata nyuma wakicheza, wengine wakipunga miavuli na vitambaa, huitwa mstari wa pili. Mpiga ngoma wa msafara huo hujifunza mdundo kwa kutazama miguu ya wanaomfuata.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na jambo linalofanana na hilo. Ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, ilianza mwishoni mwa karne ya 19 katika miji kama Lamu na Mombasa. Vikundi vilishindana kwa matarumbeta, mavazi na maandamano, na wapigaji na wachezaji walikuwa wa chama kimoja.

Hata jina jazz lilipofika kwetu, lilifika kama jina la muziki wa kuchezwa. OK Jazz iliundwa mwaka wa 1956 katika jiji ambalo leo ni Kinshasa. Tanzania ilikuwa na Tabora Jazz na Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka Mwinshehe. Kenya ilikuwa na Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani.

Bendi hizo zilipiga rumba, benga na mitindo mingine, wala hazikupiga jazz kama Wamarekani wanavyoielewa. Lakini hakuna aliyekwenda kuzisikiliza kwa nia ya kuketi kimya.

JINSI VIWILI HIVI VILIVYOTENGANA

Mnamo Machi 1926 ukumbi wa densi wa Savoy ulifunguliwa katika mtaa wa Harlem, jijini New York. Ukumbi huo ulipokea watu weusi na weupe katika enzi ambayo kumbi nyingi ziliwabagua.

Katika sakafu ya Savoy ndipo densi ya Lindy Hop ilipokomaa. Bendi ya mpiga ngoma Chick Webb ilikuwa mwenyeji, na wachezaji walikuwa waamuzi wake. Wimbo usiowainua vitini ulihesabiwa kuwa umeshindwa.

Uhusiano huo ulianza kulegea katika miaka ya 1940. Vita vya Pili vya Dunia viliwachukua vijana wengi, wanamuziki na wachezaji pia. Mwaka wa 1944 serikali ya Marekani ilipandisha sana kodi iliyotozwa kumbi zilizoruhusu wateja kucheza densi huku wakihudumiwa vinywaji na chakula. Kodi hiyo ilifika asilimia 30 kabla ya kupunguzwa hadi 20 mwaka huo huo.

Wenye kumbi walitafuta njia ya kuikwepa. Klabu ndogo zenye muziki wa ala pekee, pasipo kuimba wala kucheza, hazikutozwa. Wakati huo huo, mtindo mpya wa bebop, wenye kasi na utata mwingi, ulikuwa ukipata wafuasi waliotaka kusikiliza kwa makini wakiwa wameketi.

Si haki kusema kwamba kodi peke yake ndiyo iliyotenga muziki na densi, wala kwamba bebop haichezeki. Lakini kufikia mwaka wa 1958, Savoy ilipofungwa, jazz ilikuwa imehamia kwa kiasi kikubwa katika kumbi zenye viti, na wachezaji wake wengi walikuwa wametafuta riziki kwingine.

SHULE YA WIKI TATU

Mojawapo ya majaribio ya mapema ya kufunza jazz kwa njia ya warsha yalifanyika Lenox, katika milima ya jimbo la Massachusetts. Philip na Stephanie Barber walikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Music Inn, ambako tangu mwanzo wa miaka ya 1950 wanamuziki na wataalamu walikutana kujadili chimbuko la muziki huo.

Kuanzia Agosti 1957 hadi 1960, palikuwa na shule ya wiki tatu kila mwaka. Mkurugenzi wake alikuwa mpiga piano John Lewis. Miongoni mwa waliofunza ni Dizzy Gillespie, Max Roach, Oscar Peterson na George Russell. Wanafunzi waligawanywa katika vikundi vidogo, kila kikundi na mwalimu wake, na mwishoni walipiga mbele ya hadhira.

Mwaka wa 1959, Ornette Coleman na Don Cherry walihudhuria kama wanafunzi. Muda mfupi baadaye Coleman alizua mjadala mkubwa kwa mtindo wake usiofuata kanuni zilizozoeleka. Hivyo, warsha hiyo haikuwa mahali pa kukariri ya zamani pekee.

Shule ya Lenox ilifungwa baada ya msimu wa 1960 kwa kukosa fedha.

Marshall Stearns, msomi aliyefunza historia ya jazz huko Lenox, hakukubali kwamba muziki huo unaweza kuelezwa bila miguu. Aliwaalika wacheza densi wa Savoy, wakiwemo Al Minns na Leon James, waonyeshe hatua zao katika mihadhara yake.

Katika Tamasha la Jazz la Newport, ambalo lilianzishwa mwaka wa 1954 katika jimbo la Rhode Island, Stearns aliongoza mnamo 1962 kikao cha alasiri kuhusu densi ya kugonga sakafu kwa viatu vyenye vyuma. Walioonyesha ustadi wao ni Baby Laurence, Honi Coles, Pete Nugent na Bunny Briggs.

Wasikilizaji waliozoea kumtazama mpiga ngoma walishuhudia watu wanne waliofanya kazi hiyo hiyo kwa nyayo.

ELIMU ILIYOKARIBIA KUZIKWA

Kuna sababu ya kuhimiza kwamba densi ifunzwe na walioicheza. Muziki wa jazz ulirekodiwa katika santuri, na mwanafunzi wa leo anaweza kumsikia Louis Armstrong wa miaka ya 1920. Densi haikubahatika hivyo. Iliyobaki ni filamu chache fupi, na kamera mara nyingi haikuonyesha miguu.

Frankie Manning, aliyezaliwa mwaka wa 1914, alikuwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri wa Savoy. Ndiye anayetajwa kwa kubuni, mnamo 1935, hatua ya kumrusha mwenzake hewani ikiwa sehemu ya Lindy Hop. Kikundi chake kilizuru mabara kadhaa na kuonekana katika filamu za Hollywood.

Soko la densi lilipokauka, Manning aliajiriwa katika idara ya posta ya Marekani mwaka wa 1955. Alifanya kazi huko kwa takriban miaka 30.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wachache wa Marekani, Uingereza na Uswidi waliovutiwa na filamu za zamani walianza kuwatafuta wazee wa Savoy. Waswidi walimpata Al Minns na kumwalika kwao mwaka wa 1984 ili awafunze. Minns alifariki mwaka uliofuata. Lau wangechelewa kidogo, wangalikuta kaburi.

Mnamo 1986 wachezaji wawili wa California, Erin Stevens na Steven Mitchell, walimwendea Manning wakimwomba awafunze. Mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 72. Alikubali, na kazi aliyodhani imekwisha ikaanza upya.

Alifunza katika nchi nyingi, ikiwemo kambi ya densi ya Herräng, kijiji kidogo cha Uswidi ambacho hupokea wanafunzi kutoka pembe zote za dunia kila msimu wa kiangazi. Alifariki Aprili 2009, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 95. Kufikia wakati huo, Lindy Hop ilikuwa ikichezwa katika mabara yote yenye miji, na bendi za vijana zilikuwa zimeanza tena kupiga muziki wa kuchezwa.

Ujuzi huo haukuokolewa na kitabu, ingawa Marshall na Jean Stearns waliandika kitabu muhimu kuhusu densi ya jazz kilichochapishwa mwaka wa 1968. Uliokolewa na wazee wachache waliosimama mbele ya wanafunzi na kusema: fanya hivi, si hivyo.

WARSHA HUENDESHWAJE?

Warsha ya muziki kwa kawaida huanza bila ala. Mwalimu huimba kifungu kifupi, wanafunzi humwitikia. Mtindo huu wa kuitikiana unajulikana na yeyote aliyewahi kuimba kanisani, shambani au katika ngoma za kwao, na ndio msingi wa jazz.

Hatua ya pili ni mapigo. Katika hesabu ya mapigo manne, anayeanza hupenda kupiga makofi kwenye la kwanza na la tatu. Mwalimu wa jazz humhamisha hadi la pili na la nne. Zoezi hili huonekana jepesi hadi muziki unapoongezwa kasi.

Kisha hufuata swingi. Kila pigo hugawanywa sehemu mbili zisizolingana, ya kwanza ikiwa ndefu kuliko ya pili. Kiasi cha urefu huo hubadilika kulingana na kasi ya wimbo na mtindo wa mpigaji, na ndiyo maana noti zilizoandikwa haziwezi kukionyesha barabara. Mwanafunzi hukipata kwa kusikia na kuiga.

Baada ya hapo wanafunzi huanza kubuni papo kwa papo. Mara nyingi hutumia umbo la bluzi, lenye vipande 12 vya mapigo manne manne. Anayeanza hupewa noti tatu tu na kuambiwa aeleze jambo kwa noti hizo. Kizuizi hicho husaidia, kwa sababu asiye na noti nyingi hulazimika kufikiria mdundo na kimya.

Warsha ya densi hupitia njia iyo hiyo. Makofi hutangulia, kisha kutembea kwa kufuata besi, kisha hatua za msingi za Lindy Hop, ambazo huhesabiwa hadi nane. Wachezaji wawili huongozana kwa mikono, lakini kila mmoja ana nafasi ya kubuni hatua zake. Kanuni ni ile ile ya mpiga saksafoni: umbo ni la wote, kilichojazwa ndani yake ni cha kila mtu.

Sehemu yenye manufaa zaidi ni pale vikundi viwili vinapokutanishwa. Katika bendi, mpiga ngoma na wenzake hupokezana vipande vinne vinne. Katika warsha ya pamoja, mcheza densi huchukua zamu ya mmoja wao na kujibu kwa miguu.

Mara moja mpiga ngoma hugundua kwamba mapigo yake yana uzito, na kwamba akiongeza kasi bila taarifa kuna mtu atakayejikwaa. Naye mcheza densi hugundua kwamba wimbo una aya na vituo, na kwamba si kila pigo linadai hatua.

BARANI AFRIKA

Nchini Afrika Kusini, uhusiano wa jazz na densi haukuwahi kukatika kabisa. Marabi ilikuwa muziki wa kuchezwa katika vitongoji vya Johannesburg katika miaka ya 1920 na 1930. Katika vitongoji vya Cape Town ipo densi ya watu wawili iitwayo jazzing, inayochezwa hadi leo.

Tamasha la Kimataifa la Jazz la Cape Town lilianza mwaka wa 2000 likiwa dada wa tamasha la North Sea la Uholanzi, na likapata jina lake la sasa mwaka wa 2005. Tangu miaka yake ya awali limekuwa na warsha za wanafunzi na wanamuziki chipukizi katika siku zinazotangulia maonyesho, pamoja na mafunzo ya waandishi wa habari za sanaa na tamasha la bure katikati ya jiji. Lilisimama mwaka wa 2020 kutokana na janga la korona, na likarejea mwaka wa 2024.

Hapa Kenya, mfano ulio karibu ni wa Korogocho, Nairobi. Mpango wa Ghetto Classics ulianzishwa mwaka wa 2008 na Elizabeth Njoroge kupitia wakfu wa Art of Music. Watoto wa mtaa huo walianza kujifunza ala katika ua wa Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, karibu na jaa la taka la Dandora.

Tamasha la jazz la Safaricom lilipoanzishwa mwaka wa 2014, wakati Bob Collymore, mpenzi wa saksafoni aliyefariki Julai 2019, alipokuwa afisa mkuu wa kampuni hiyo, mapato ya tiketi yalielekezwa kwa mpango huo. Wanafunzi wenyewe walipata nafasi ya kupiga jukwaani, na baadhi ya wanamuziki wageni walikwenda kukutana nao.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo hutimia ikiwa mgeni atakaa walau saa mbili na wenyeji kabla ya kupanda ndege.

KINACHOBAKI BAADA YA TAMASHA

Warsha ina udhaifu wake. Saa mbili hazimfanyi mtu kuwa mwanamuziki. Kijana anayeshikishwa tarumbeta Ijumaa na kunyang'anywa Jumatatu huenda akabaki na uchungu kuliko faida.

Kwa hiyo, warsha hufaa zaidi inapokuwa mlango wa kuingilia katika jambo linaloendelea. New Orleans inatoa mfano. Tamasha la jiji hilo lilianza mwaka wa 1970 hapo hapo Congo Square, na linamilikiwa na wakfu usio wa kibiashara. Tangu mwaka wa 1990 wakfu huo umeendesha shule ya muziki isiyotoza karo kwa watoto wa jiji. Wageni hununua tiketi kwa siku chache, na watoto hujifunza mwaka mzima.

Lenox nayo inatoa onyo. Shule iliyokuwa na walimu mashuhuri kuliko chuo chochote cha jazz cha wakati huo haikumaliza miaka mitano, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameipangia fedha za kudumu.

Kwa waandaaji wa matamasha katika eneo letu, kuna mambo ambayo uzoefu huu unayaonyesha. Kwanza, mwalimu wa mtaa anayebaki na wanafunzi awepo chumbani mgeni anapofunza, ili aendeleze kazi. Pili, ala zibaki au ziwepo mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuzifikia. Tatu, wachezaji na wapigaji wasitengewe vyumba viwili kwa muda wote.

Jambo la nne halihitaji fedha nyingi. Wapo wazee waliopiga katika bendi za dansi za Nairobi, Mombasa na Kisumu, na wapo waliozicheza bendi hizo kila Jumamosi na wanaokumbuka mitindo ambayo hakuna aliyeipiga picha. Wengi wao hawajaalikwa kufunza mahali popote.

Frankie Manning alifanya kazi posta kwa takriban miaka 30 kabla ya mtu kumwendea na kumwomba amwonyeshe hatua moja. Al Minns alialikwa Uswidi mwaka mmoja tu kabla ya kufariki. Tamasha lolote la jazz linaloandaliwa huku kwetu linaweza kutenga asubuhi moja, viti kadhaa na sakafu tupu, na kumwita mmoja wa wazee hao angali na nguvu za kusimama.